Noti za Juu

Nilianza vibaya, nakiri.
Mwaka ule kiwanda kilipofungwa
nilichapisha kadi mia mbili, karatasi nzito, wino wa samawati:
Skirmantė, fundi wa piano, Kaunas.
Nikaenda kwenye mkutano wa wenye biashara,
hoteli ya kando ya mto Nemunas,
nikagawa kadi kama anayelisha njiwa,
macho yangu yakisoma vifua vya watu
(jina, cheo, kampuni)
kabla ya kusoma nyuso.
Mkono mtupu haulambwi, nilijua.
Sikujua kuwa hata uliojaa kadi haulambwi.
Nilirudi na vidole vinavyonuka manukato ya wengine
na simu iliyonyamaza wiki tatu.

Aliyeivunja kimya ni Rimvydas.
Rimvydas! Tuliyegombea naye kila shule, kila kanisa,
niliyemteta jikoni kwangu, bei yake, koti lake.
"Una kalamu?" Hakuna salamu.
"Andika. Shule ya muziki, Šilainiai, ghorofa ya pili,
piano nyeusi, mguu wa kushoto umeegemezwa kitabu, usikiondoe.
Bawabu anaitwa Bronė. Mpelekee mkate mweusi, usimpe hela, atanuna.
Mwalimu mkuu hulipa akichelewa, ila hulipa.
Andika. Elvyra, mjane, kilimani Žaliakalnis.
Piano yake haina ubovu.
Anataka mtu wa kuipiga nyumbani kukiwa na mwanga.
Tenga saa moja zaidi. Hiyo saa usimtoze."

Majina kumi na tisa.
Sikuwa na karatasi, nikaandika migongoni mwa kadi zangu,
kwa mara ya kwanza zikawa na kazi.

"Kwa nini mimi?" nikauliza,
nikipapasa ndoana ndani ya chambo.
Akanyamaza.
Nyuma yake birika lilikuwa likipiga mbinja,
likipiga, likipiga,
naye kasimama hapohapo.
"Noti za juu sizisikii," akasema. "Tangu theluji ya kwanza.
Kuanzia pale juu, piano kwangu ni vidole vinavyogonga ubao."

Ningeweza kushukuru na kukata simu.
Kumi na tisa, mwaka mzima wa kodi ya nyumba!
Nilitafuta neno kubwa, nikapata dogo:
"Birika lako linalia."

Sasa twaenda wawili.
Yeye hukaza nyuzi nene, zile za shaba,
mimi nyembamba,
tunakutana penye do ya katikati, tukibishana kidogo.
Malipo tunayagawa juu ya kifuniko,
naye hunidhulumu kila mara
kwa kujipunja mwenyewe.

Nami nimejifunza kutaja watu.
Nilimtaja Gedas, mbeba piano mwenye goti bovu,
kwa bibi wa duka la saa. Sikuambulia kitu.
Kijana mmoja nilimpa wateja wanne,
akahamia Riga, hata kuniaga hakuniaga.
Iwe.
Miezi saba baadaye mtu akapiga simu toka Klaipėda:
"Nimeelekezwa kwako." Na nani? Hakumbuki.
Jina langu limeanza kuingia nyumba nisizozijua,
limevaa viatu vya wengine.

Jana tulikuwa kwa Elvyra.
Nilikaza uzi wa mwisho, ule mwembamba kama unywele,
nikaugonga.
Rimvydas hakunitazama mimi, wala piano.
Alimtazama mjane, kidevu chake, kope zake,
akangoja,
kisha akafunga mkoba wa vifaa.
"Imekaa sawa," akasema.
Na ilikuwa sawa.